Bangi Niliyokatazwa Kuigusa

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Riverdale Park, Marekani, alipanda bangi kwa sababu chakula kilikuwa kimemkataa. Aliniambia hivyo siku yangu ya tatu ya kazi, mwezi wa Novemba, huku nikimvalisha soksi. Matibabu yake ya saratani yalikuwa yamekwisha tangu kiangazi na madaktari walikuwa wamempa mkono wa pongezi, lakini kila alichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya karatasi. Rafiki yake mmoja, ambaye walisambaza barua pamoja kwa miaka mingi, alimletea mbegu mbili ndani ya bahasha. Alimwambia bangi ya dukani ni kali mno kwa mtu wa umri wake, heri apande yake mwenyewe, ya kiasi. Sheria ya Maryland inamruhusu mtu mzima kuotesha miche miwili nyumbani kwake, mradi isionekane kutoka barabarani. Mbegu zote mbili zilikuwa zimeota. Zilikuwa besimenti, chumba cha chini ya nyumba, ndani ya kihema cheusi chenye taa, na mzee alitaka nishuke nikazione.

Nilimwomba nimalize soksi kwanza. Nilihitaji muda kidogo, maana kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemweleza. Kwetu Tanzania nilikuwa polisi. Nilistaafu nikiwa sajenti, na miaka ishirini na miwili ya utumishi wangu niliipitisha kwenye vituo vya milimani, mahali ambapo kazi tuliyoijua kuliko zote ilikuwa kupanda mlima alfajiri, kung'oa bangi ya watu, kuifunga mizigo na kuishusha kituoni. Nimeng'oa bangi kwenye mahindi, kwenye migomba, na mara moja nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa ametuongoza njia.

Nilimweleza mzee yote hayo. Alinitazama kwa muda, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, kisha akaniuliza tulikuwa tukiifanyia nini baada ya kuing'oa. Nikamwambia tulikuwa tukiichoma moto mbele ya mashahidi. Na kwa kuwa ameuliza, nikamsimulia na siku ile upepo ulipogeuka. Tulikuwa tumewasha rundo kubwa nyuma ya kituo kimoja nisichokitaja, na moshi wote ukaingia ndani kupitia madirisha. Ilipofika saa nane mchana mkuu wa kituo, mtu ambaye hatukuwahi kuona meno yake, alikuwa ameketi juu ya meza akicheka na mhuri. Akatangaza likizo kwa kila mtu, mahabusu wakiwemo. Kilichotuokoa ni koplo wa zamu. Alikuwa na mafua makali, pua zimeziba, na ndiye peke yake aliyekataa kufungua mlango wa mahabusu.

Mzee alicheka mpaka nikalazimika kumshika bega asianguke. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Sajenti.

Tulishuka. Yeye alishuka kwa kiti cha umeme kinachoteremka kwenye reli kando ya ngazi, polepole, mikono imekunjwa tumboni, nami nikamfuata nyuma. Besimenti ilikuwa na sakafu ya saruji, mashine ya kufulia, masanduku ya vitu vya marehemu mkewe, na baridi ya kukaa. Akafungua zipu ya kihema. Ndani yake ilikuwapo ile miche miwili, kila mmoja kwenye ndoo, urefu wake kama mkono kuanzia kiwiko. Sijui nieleze vipi kilichotokea. Nilikuwa nimekuja kutazama tu, lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukalishika shina la mche wa kwanza kule chini kabisa, ukaanza kulizungusha.

"Sajenti," mzee akasema kwa sauti ya upole, "unafanya nini?"

Niliachia. Nikamwomba radhi, nikarudisha udongo kwa kidole. Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuigusa bangi ya mzee, na niliigusa kwa nia ya kuiua.

Jioni nilimweleza mke wangu. Yeye anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule mjini Columbia, na alikuwa akipiga pasi sare zake. Alizima pasi akakaa. Wakati huo maombi yetu ya uraia yalikuwa yameshapelekwa, na majuma machache tu yaliyopita mwanasheria mmoja alikuwa amekuja kanisani kutoa ushauri wa bure. Alituambia wazi kwamba jimbo limeruhusu lakini serikali kuu haijaruhusu, na uraia ni wa serikali kuu. Asiye raia asivute, asinunue, asishike, wala asipige nayo picha. Mke wangu aliyakumbuka maneno hayo yote kwa mpangilio.

Alitaka niache ile kazi. Nilimwambia mzee ni mtu mwema, nyumba iko karibu na basi, na mteja kabla yake alikuwa akinirushia meno yake ya bandia. Akafikiri. Mwishowe akakubali niendelee, ila kwa sharti moja.

"Usiiguse. Jani likidondoka, liache lioze pale pale. Hata likikudondokea wewe, simama mpaka lidondoke tena."

Kesho yake niliiarifu ofisi ya kampuni yetu ya kuhudumia wazee kwa maandishi, kama nilivyofundishwa kazini. Wakanijibu kwamba mimea ni mali halali ya mteja, nami nisiishughulikie kwa namna yoyote. Barua ile niliichapa nakala mbili. Moja nilimpa mke wangu, nyingine niliiweka mfukoni mwa koti, na nilikuwa nikiipapasa kila niliposhuka zile ngazi. Kila asubuhi niliingia kazini, nikamsalimu mzee, nikampima presha, kisha nikasimama mbele ya kihema mikono nyuma, kama askari kwenye gwaride, nikahesabu miche. Miwili. Ule wa kushoto nikauita Kielelezo A, wa kulia Kielelezo B. Mzee akayapenda majina hayo na kuyatumia.

Desemba ilipoingia, baridi ikaanza kuleta maneno. Ile nyumba ni ya matofali, ya zamani, na boila yake ya kupasha joto ni ya zamani kuliko nyumba yenyewe, ukiisikiliza inavyokohoa. Joto lote lilipanda juu. Ghorofani ulivua sweta, jikoni ukalivaa, besimenti ukatafuta la pili. Kipimajoto kilichoning'inia kwenye kihema kilisoma digrii hamsini kwa vipimo vyao, ambazo kwa vyetu ni kumi. Mwanga wa taa peke yake haukutosha. Majani ya vielelezo vyote viwili yakaanza kuinama, na kingo zake zikawa rangi ya zambarau.

Mzee alinitaka nitoe maoni ya kitaalamu. Alisema mtaa mzima hakuna mtu aliyeona bangi nyingi kuliko mimi, basi nimwambie ina nini. Nikaitazama kwa makini, bila kuikaribia. Nikamjibu ukweli, kwamba bangi ya namna ile mimi nilikuwa nikiiona siku ya tatu baada ya kung'olewa.

Hakukata tamaa. Alikuwa mtu wa kusoma, na alisoma karatasi yangu ya kazi, ile ambayo kampuni huibandika kwenye friji. Kwenye orodha ya majukumu yangu kulikuwa na mstari unaosema nihakikishe mteja yuko kwenye joto la kutosha wakati wote. Asubuhi iliyofuata niliingia nikakuta sebule tupu. Mzee alikuwa chini. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kihema, amejifunika koti lake la zamani la kazini, anasoma gazeti.

"Nasikia baridi, Sajenti," akasema bila kuinua macho.

Sasa hebu fikiria. Mteja anasikia baridi. Mteja ni mtu mzima mwenye akili zake, ana haki ya kukaa popote ndani ya nyumba yake. Wajibu wangu umeandikwa na kubandikwa kwenye friji. Nikapanda juu nikaleta blanketi, nikamfunika. Nikaleta chai. Niliporudi na sukari, blanketi lilikuwa limezungushiwa kihema, na mzee anatetemeka. Nikaleta la pili.

Tukaendelea hivyo wiki nzima, na sikumbuki kama tuliwahi kulizungumza waziwazi. Nilimjazia chupa ya mpira ya maji moto, nikamwekea tumboni. Nikigeuka, chupa iko chini ya ndoo ya Kielelezo B. Maji yakipoa nilimjazia tena, kwa sababu ilikuwa chupa ya mteja. Siku moja nilisema, kama mtu anayeongea peke yake, kwamba sakafu ya saruji ndiyo adui. Mahabusu waliolala kwenye saruji waliugua mapema kuliko waliopata ubao. Nikatafuta ubao gereji, nikauweka chini ya miguu ya mzee. Kesho yake ubao ulikuwa chini ya ndoo zote mbili na soksi za mzee ziko kwenye saruji. Ikabidi nitafute ubao mwingine. Niliziba dirisha dogo la juu kwa foamu na utepe wa gundi, maana mteja alikuwa akipigwa na upepo shingoni. Nilimletea kanga ya mke wangu ajifunge magoti. Mke wangu aliniuliza kanga yake imekwenda wapi nami nikamwambia iko kazini, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mzee naye alikuwa na mawazo yake. Alibadilisha saa za taa, iwe inawaka usiku ambapo baridi ni kali na inazima mchana ambapo yeye mwenyewe yuko pale na chupa yake. Kipimajoto kikapanda mpaka sitini, kisha sitini na tano. Majani yakainuka. Zambarau ikabaki, lakini mzee akasema inapendeza. Mimi nilikuwa na furaha niliyoshindwa kuielezea nyumbani. Mtu aliyefyeka milima mizima, leo anafurahi kwa jani moja kusimama.

Mzee angeishia hapo pangekuwa pema. Lakini mwezi wa Januari theluji ikaanguka, naye akaagiza hita ya umeme. Kisha, bila kuniambia, akaagiza ya pili.

Mambo yaliharibika asubuhi moja, yapata saa nne. Hita zote mbili zilikuwa zinawaka chini, feni ya kihema inazunguka, na mimi niko jikoni nimechomeka birika la umeme. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha reli, anashuka. Nikabonyeza birika. Pakalia kitu kama mtu aliyepiga ulimi, kisha nyumba nzima ikanyamaza. Umeme ulikuwa umezidiwa, swichi kuu imejikata.

Nikakimbilia ngazi. Mzee alikuwa katikati kabisa, ametundikwa baina ya juu na chini, ametulia kama hakimu. Betri ya kiti, alinieleza, ilikufa zamani na hakuona haja ya kununua nyingine kwa kuwa umeme upo. Nikamuuliza kisanduku cha swichi kiko wapi. Akaonyesha kidole chini, ukutani, nyuma ya kihema. Ngazi zenyewe ni nyembamba, na kiti pamoja na mzee vilikuwa vimeziba njia yote. Nilijaribu kupita ubavuni nikakwama, tukabaki tumetazamana kwa karibu sana kwa muda, pua kwa pua, mpaka akaniambia nirudi juu nifikirie upya.

Ilibaki njia moja. Nyuma ya nyumba kuna mlango wa nje unaoshuka moja kwa moja besimenti, lakini ulikuwa umefukiwa na theluji. Nikamfunika mzee blanketi pale pale alipo, nikampa gazeti na tochi, nikachukua koleo nikatoka. Nilikuwa nimechimba kama nusu hivi, jasho linanitoka ndani ya koti, niliposikia gari linasimama. Alikuwa ni msimamizi wetu wa kampuni, muuguzi, mama mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu, mwenye miwani na mkoba mkubwa. Hufika kukagua bila taarifa, na siku hiyo ndiyo aliyoichagua.

Alisimama kwenye theluji akanitazama, kisha akatazama shimo langu.

"Bonjour papa. Mteja yako iko wapi?"

"Yuko kwenye ngazi, mama."

"Anapanda ao anashuka?"

Nilifikiri kidogo, nikamjibu kwamba kwa wakati ule hakuwa akifanya lolote kati ya hayo mawili.

Mama yule aliweka mkoba wake juu ya kizingiti, akavaa glavu, akanisaidia kusukuma theluji kwa buti zake. Tukaufungua mlango kwa nguvu zetu wote wawili tukaingia. Kwa mwanga wa mlangoni alimwona kwanza mzee, kule juu kwenye kiti, anapunga gazeti. Kisha akaona hita mbili. Kisha akaona vielelezo. Siku hiyo mzee alikuwa ameacha zipu wazi, na ile kanga ya mke wangu ilikuwa imefungwa kwenye ndoo ya Kielelezo A kwa fundo la kiunoni kabisa, maandishi yakielekea mlangoni. Mama akainama akayasoma kwa sauti: "Semeni mchoke, mimi nimetulia."

Akaniuliza kama kanga ile ni ya bibi yangu. Kwao bibi ni mke, nami nilishafahamu, nikakubali. Nikasimama wima mikono nyuma, nikatoa maelezo yangu yote kama nilivyokuwa nikiyatoa mahakamani, kuanzia mbegu kwenye bahasha hadi birika la umeme, sikuficha hata ubao. Nikatoa na ile barua mfukoni, ilikuwa imelowa jasho. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Bon. Na wewe, papa, unaigusaka?"

Nikamwambia siigusi. Nampasha joto mteja, na mteja ndiye anayeipasha joto bangi. Aligeuza uso akatazama ukuta kwa muda, mabega yanamcheza. Aliponigeukia tena alikuwa amekwisha kuwa msimamizi. Akaenda kwenye kisanduku, akachomoa hita moja ukutani, akarudisha swichi. Taa za nyumba zikawaka, feni ikalia, na kiti cha mzee kikaendelea na safari yake kana kwamba hakikukatizwa. Alifika chini taratibu, kifua mbele, kama askofu anayeingia kanisani, akamsalimu mama yule na kumuuliza kama angependa chai.

Mama aliangalia presha yake, akamsikiliza kifua, akampima uzito. Uzito ulikuwa umeshuka kidogo tena, na hilo halikumfurahisha. Alisema hita ya pili itoke siku hiyo hiyo kabla nyumba haijaungua, na betri ya kiti inunuliwe. Mzee akakubali kila kitu. Kisha, anapofunga mkoba, mama akasimama mbele ya kihema, akavua miwani, akaivaa tena.

"Lakini hii ya kulia, mbona iko mwanaume?"

Hatukumwelewa. Akaonyesha kwa kalamu, bila kugusa naye, pale tawi linapoachana na shina. Palikuwa na vitu viwili vitatu vidogo, vya duara, vinavyoning'inia pamoja.

"Mimi ni muuguzi miaka makumi mbili na tano," akasema. "Ile ninaijua."

Nikamtafsiria mzee, naye alikuwa amesoma habari hizo, rangi ikambadilika. Bangi ina dume na jike. Linalotakiwa ni jike, na dume likiachwa likamwaga unga wake, jike linajaa mbegu na kazi yote inakuwa bure. Mimi niliona aibu. Katika miaka yangu yote ya ushahidi nilisimama kizimbani mara nyingi nikaapa kwamba naijua bangi nikiiona, na sikuwahi hata siku moja kujua kwamba ina waume na wake. Tulikuwa tunafyeka familia nzima.

Mama yule akaaga. Taarifa yake niliiona baadaye. Aliandika kwamba mteja yuko kwenye joto, anachangamka, na ana shughuli inayompendeza.

Tukabaki wawili na Kielelezo B. Ilibidi dume hilo ling'olewe siku hiyo. Mzee alilitazama, akanitazama mimi, na nikaelewa anachofikiri. Chini ya anga lote la Maryland hapakuwa na mtu aliyestahili kazi ile kuliko mimi. Ndicho kitu pekee nilichojua kukifanya kwa bangi, nilikifanya vizuri, nilipewa hata cheti. Vidole vilikuwa vinaniwasha. Nikapanda juu nikampigia mke wangu simu, akaja kwenye simu kwa wasiwasi akidhani kuna msiba. Nikamuuliza kama, kwa mtazamo wake, kung'oa ni kugusa.

Nyuma yake nilisikia redio ya wazee.

"Kung'oa ni kugusa," akasema, akakata.

Basi nilirudi nikampa mzee mafunzo. Nilimweka sawa kwenye kiti, miguu imepanuka, ndoo katikati ya magoti. Nikamwelekeza ashike chini kabisa karibu na udongo, asivute kwanza, azungushe mpaka asikie mizizi inaachia, ndipo avute kwa mgongo na si kwa mikono. Alivuta mara ya kwanza, halikutoka. Mara ya pili likatoka lote kwa mkupuo, naye akaangukia nyuma kwenye kiti, mche umemlalia kifuani, udongo umejaa kwenye slipa na mizizi inamdondokea shingoni. Nikacheka. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki.

Alikaa vile kitambo, ameshika lile dume kama mtu anayebembeleza. Aliniambia alikuwa akilisemesha asubuhi kabla sijafika. Si mambo ya maana, alisema, habari za hali ya hewa tu na nani kafa. Tangu mkewe afariki ilikuwa mara ya kwanza kuwa na kitu ndani ya nyumba kinachomhitaji aamke. Nikavuta kiti cha pili nikakaa naye, tukasikiliza boila ikikohoa. Baadaye nilimfuta udongo shingoni, kwa kitambaa, nikihakikisha kwamba ni udongo tu.

Kielelezo A kilibaki peke yake na hita moja, mablanketi mawili, mbao na kanga. Mwisho wa Februari mzee alikivuna kwa mkasi wa kukatia kuponi za gazetini. Maua yake yalikuwa madogo, yamebana, ya zambarau, na baada ya kukauka kabatini hayakujaza hata chupa moja ya siagi ya karanga. Mzee aliona ni mavuno makubwa. Aliyapika ndani ya siagi yeye mwenyewe, mimi nikiwa barazani na mlango umefungwa, nimevaa koti. Akaoka biskuti. Akala robo ya moja saa sita mchana, tukasubiri.

Saa saba nilitoa chakula changu cha mchana, wali, maharage ya nazi na mchicha aliofunga mke wangu. Mzee akaniuliza ni nini ile. Nikamwambia. Akaomba aonje, nikampa kijiko, na hakukirudisha. Alikula bakuli lote, akafuta mchuzi kwa kidole, akauliza kama kesho nitakuja nacho tena. Nilifurahi sana, na niliumwa njaa mpaka jioni.

Kesho yake hakula biskuti, kwa sababu alisema ile ya jana ilimfanya aone vitabu vya kabatini vinamwangalia. Lakini saa saba alikuwa mezani na kijiko. Akala tena chakula changu chote. Siku ya tatu vivyo hivyo, bila biskuti. Mke wangu akaanza kufunga bakuli mbili. Ilipofika Machi uzito wa mzee ulikuwa umeanza kupanda, na mama wa Bukavu alipokuja akaandika hivyo na kupigia mstari. Mzee alisisitiza kwamba ni ile robo ya biskuti. Mke wangu alisema ni tui la nazi. Mimi kwa kazi yangu ya zamani nikasema ushahidi haujitoshelezi.

Usaili wangu wa uraia ulikuja Aprili. Yule ofisa alikuwa akisoma maswali kwa haraka bila kuniangalia. Alipofika pale pa kuuliza kama nimewahi kuuza au kusafirisha dawa za kulevya, nikamwambia nimewahi kusafirisha, magunia mengi, kwa gari la serikali. Akainua kichwa. Ilinichukua muda kumweleza, na nilipofika kwenye koplo mwenye mafua alikuwa ameweka kalamu chini. Nilipita. Mke wangu, aliyekuwa akingoja nje, alisema alisikia mtu akicheka ndani akadhani ni mlango mwingine.

Mzee hakutaka tena kupanda bangi. Chupa ile, alisema, itamzika. Lakini kihema kilikuwapo, na taa, na mbao, akaniambia sasa nichague mimi cha kuotesha. Nikanunua mbegu za mchicha kwenye duka moja la Langley Park, nikachanganya udongo kwa mikono yangu miwili mpaka kwenye viwiko. Nikampa na mzee ndoo yake. Ya kwangu haikuota hata mbegu moja. Ya mzee ilitoa miche kumi na minne, na kila asubuhi nikifika namkuta kwenye kiti cha plastiki, gazeti mkononi, anaiambia habari za mvua.